Komunike ya Mama Ushindi

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: mgeni akija kwako, akakaa kwenye kigoda chako, akala viazi vyako, kisha akasema maneno yako atayatia kitabuni, siku kitabu kinapotoka utavaa nini kwenda kukipokea?

Nabintu aliliwaza jambo hilo tangu ujumbe wa mwaliko ulipoingia katika simu ya binti yake. Vikwembe vyake vya kutokea vilikuwa viwili. Kimoja cha manjano chenye ndege wa buluu, kimepauka mahali pa kukalia. Kingine chekundu kizito, bado kina harufu ya dukani, alichopewa na akina mama wa kanisa kwa ajili ya misiba. Jirani alimshauri avae chekundu, maana Mbarara ni mjini na watu wa mjini hutazama.

"Ile ni ya kilio," Nabintu alimjibu. "Miye siendi ku kilio. Naenda kusikia jina ya mutoto wangu."

Akaazima pasi ya makaa, akakipiga kile cha manjano polepole, ndege mmoja mmoja, akinyunyiza maji kwa ncha za vidole.

Walikuwa watu watatu katika nyumba ile ya udongo, zoni ya Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Appolinaire, baba wa nyumba, mkulima wa mahindi, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Nabintu, muuza sombe, aliyetwanga majani ya muhogo tangu alfajiri hadi viganja vyake vikawa vya kijani kwenye mikunjo. Na Élyse, binti wa miaka kumi na tisa, aliyefundisha watoto wadogo nyimbo na namba kanisani. Lakini ukimuuliza Nabintu ana watoto wangapi, alisema wawili, wala hakusita.

Wa kwanza ni Ushindi. Siku walipokimbia vita, pale Goma, watoto walipandishwa lori la mbele kwa sababu lilikuwa na turubai na mvua ilikuwa inanyesha. Élyse alikuwa na homa, akabaki mapajani mwa mama. Lori la watu wazima likawashwa baadaye, na mahali fulani njiani magari yakaachana. Ushindi alikuwa na miaka kumi. Leo, kama yu hai, ni mwanamke mzima wa ishirini na miwili. Hata picha ingekuwepo isingesaidia, maana sura ya mtoto huondoka na mtoto. Kilichobaki cha kumtafutia ni jina.

Kwao Kaziba, huko Kivu, Kongo, mtu akipotea, ndugu hupeleka komunike redioni. Msomaji anataja jina la baba, la mama, la kijiji, kisha jina la anayetafutwa na mahali pa kumleta. Nabintu alikuwa amepitisha komunike redioni, akapitisha makanisani, akapitisha kwa madereva. "Radio inasema mara moja, kiisha inaanza muziki," alikuwa akilalamika. Ndiyo maana yule mwandishi, Mackline, alipofika mlangoni pake na kusema anaandika kitabu, moyo wa Nabintu uliruka. Kitabu hakianzi muziki. Kitabu kinakaa. Mtu anakifunga leo, kesho anakifungua, na jina bado liko palepale.

Mackline alikuwa mtu wa Mbarara hiyohiyo, mtoto wa mwanajeshi, aliyekulia kambi ya jeshi na kujua Kiswahili cha askari kabla ya kwenda kukaa Kampala. Hakuhitaji mkalimani. Alikaa siku tatu. Nabintu alimweleza yote: mvua, turubai, lile lori la mbele lililopakwa rangi ya kijani mlangoni. Akamwambia, "Andika muzuri: Ushindi. Mutu asikosee." Mackline akaandika, akamwonyesha.

Tangu siku ile Nabintu alikuwa na jibu kwa kila anayemwambia apumzike. "Kitabu itoke kwanza."

Na waliomwambia apumzike walikuwa na sababu yao. Kijana mmoja, Mihigo, fundi seremala wa zoni ya jirani, alikuwa amemposa Élyse. Watu wake ni watu wa heshima, nao wanatoka kulekule, wanajua desturi: mdogo haolewi kwa kumruka mkubwa. Mkubwa awe ameolewa, au awe amekufa na kilio chake kimefanywa, watu wamekaa, wamelia, wamekula, wamenawa mikono. Ushindi hakuwa huku wala kule. Wazee wa Mihigo walikuja mara mbili, wakanywa chai, wakauliza kwa upole habari za "yule mwingine", wakarudi mikono mitupu.

Appolinaire alikuwa ameanza mapema. Aliwaomba majirani wamwite mkewe Mama Élyse, waache kumwita Mama Ushindi, ili jina lisimtoneshe. Majirani wakaitikia. Nabintu naye aliitika akiitwa hivyo, lakini kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Asubuhi ya safari, Appolinaire alikaa kwenye kizingiti akifunga kamba za viatu.

"Mama Élyse, tusemezane mbele ya kuenda."

Nabintu alikuwa anafunga samaki wakavu kwenye jani la mgomba, zawadi ya Mackline. Hakuinua kichwa. "Sema."

"Kitabu imetoka. Ulisema itoke kwanza, imetoka. Tukirudia nyumbani, nitaenda kwa pasta. Tufanye kilio."

"Utaenda kwa pasta kumwambia nini? Aombee maiti yenye iko wapi?"

"Bibi yangu, miaka kumi na mbili. Uyu wa hapa naye ni mutoto. Atazeeka mu nyumba akingojea dada yake?"

Élyse alikuwa ndani, anachana nywele mbele ya kipande cha kioo. Chanuo lilisimama.

"Wacha kwanza batu basome," Nabintu alisema. "Mutu moja tu. Huko Nairobi, huko Kampala, huko Bulaya. Mutu moja asome aseme, eh, Ushindi wa Kaziba, si ni ule jirani yangu? Kiisha hapo utasema kilio?"

Appolinaire alikohoa, akasimama, akavuta suruali juu. "Twende," alisema. "Bodaboda anapiga honi."

*

Walifika Mbarara jua likiwa juu ya mapaa. Duka la vitabu lilikuwa kwenye barabara inayoshuka sokoni, katikati ya duka la dawa za mifugo na saluni. Nje walikuwa wamefunga maputo ya rangi mbili na kubandika picha kubwa ya Mackline anacheka, na pembeni picha ya mzee mmoja mwenye kofia pana. Waandishi wageni wawili, Élyse alisoma, na vitabu vyao vipya.

Mlangoni alisimama mlinzi aitwaye Twinomujuni, mwanajeshi mstaafu wa mtaa wa Nyamityobora, mkanda umekazwa, viatu vinang'aa kuliko vya wageni.

"Wewe mama, simama hapo. Soko iko huko chini. Hapa hapana uza kitu."

"Hatuuze," Nabintu alisema. "Tumealikwa."

"Nani amealika?"

"Mackline."

"Madam Mackline?" Twinomujuni aliwatazama kuanzia viatu kwenda juu. "Huyo ni mtoto ya kambi. Mimi namujua tangu iko nakimbia bila viatu. Nyinyi namujua yeye wapi?"

"Tuko mu kitabu yake."

Mlinzi akacheka, kwa kushangaa tu. "Ndani ya kitabu? Haya basi, pita, watu ya kitabu. Lakini hii kikapu nabaki na mimi. Nini iko nanuka?"

"Ni samaki ya Mackline."

"Banange! Vitabu yote itanuka ziwa."

"Afande, usikule samaki yetu," Appolinaire alisema.

"Mimi nakula samaki? Mzee, mimi ni Munyankore. Sisi nakunywa maziwa. Samaki ni nyoka ya maji."

Hapo hata Élyse alicheka. Lakini kikapu kilibaki mlangoni, kimesukumwa kwa ncha ya kiatu hadi nyuma ya pipa la taka, na Nabintu aliingia mikono mitupu kwa mtu aliyekula nyumbani kwake. Kwao hilo ni neno zito.

Mwenye duka, Ketty, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa ushanga, alikuwa anapanga viti. Vya mbele vilikuwa na vitambaa. Wageni watatu walipokaribia, aliwazuia kwa kiganja, kwa upole.

"Pole, nyabo. Hivi vya mbele ni vya wageni. Mukae kule nyuma, kuna benchi nzuri."

"Na siye ni nani?" Appolinaire alimnong'oneza mkewe.

Benchi lilikuwa kando ya rafu ya madaftari ya shule na mifuko ya chaki. Kabla ya kukaa, Nabintu aliona meza yenye vitabu vilivyopangwa kama matofali. Akajifuta viganja kwenye kikwembe, mbele na nyuma, akainua kimoja. Juu ya jalada alichorwa mwanamke kwa mgongo, ana beseni kichwani. Nabintu akakigeuza kuona kama upande wa pili mwanamke ana uso. Hakuwa nao, palikuwa na maandishi tu.

"Nyabo, tafadhali," Ketty alisema kutoka mbali. "Hivyo ni vya kununua."

Élyse alisoma bei kwenye kibandiko, akamkonyeza mama yake. Nabintu alikirudisha taratibu, akakisawazisha na wenzake ili kisionekane kimeguswa.

*

Alianza yule mzee wa kofia, Musoni, mfugaji kutoka Masha, aliyetunga mashairi ya ng'ombe kwa Kinyankore. Alisoma akiwa amesimama, fimbo kwapani, na kila alipotaja ng'ombe mmoja kwa rangi yake ukumbi ulijibu. Twinomujuni alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, kutoka mlangoni. Nabintu hakuelewa neno, lakini mzee alipomwigiza ng'ombe aliyekataa kupanda gari la mnadani, akakaza miguu na kutoa macho, Nabintu alicheka hadi akajishika mbavu.

"Uyu mutu anajua ng'ombe," Appolinaire alisema. Yeye pia alichunga utotoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake kulegea.

Kisha akapanda Mackline. Alikuwa amenona kidogo tangu alipokaa kwenye kigoda kule Nakivale, na amevaa gauni refu la kahawia. Macho yake yalitafuta, yakawaona nyuma kwenye chaki, akaweka mkono kifuani. Nabintu akainua mkono wake pia. Mtu wa kiti cha mbele akageuka kuona nani anapungiwa.

Mackline alisoma kwa Kiingereza. Élyse alimwinamia mama yake sikioni.

"Anasema mvua ilikuwa inanyesha ku parking."

"Ni vile."

"Watoto banapandishwa ku camion ya mbele. Kuna bâche, ile turubai, juu yake."

"Ni vile kabisa. Na mulango ya kijani?"

"Amesema. Mulango ya kijani."

Nabintu alifumba macho, akakunja vidole juu ya magoti. Alikuwa akingoja. Aliijua njia ya hadithi ile kama njia ya kisimani, alijua sasa ni pale mtoto anapogeuka juu ya lori na mama anamwita. Pale ndipo jina lilipo. Mackline alifika pale, akasimama kidogo, akaita kwa sauti ya mama:

"Neema!"

Nabintu akafumbua macho. "Neema njo nani?"

"Ngoja, mama."

"Élyse, Neema njo nani? Kulikuwa Neema mu camion?"

"Chut, mama, banatuangalia."

Mackline aliendelea, na kila baada ya maneno machache jina lile lilirudi, Neema, Neema, na watu wa viti vya mbele walitikisa vichwa kwa huruma. Mwanamke mmoja alitoa kitambaa. Mackline alipofunga kitabu, akasema kwa Kiingereza, kisha akageuza Kiswahili:

"Leo tuko na bahati. Yule mama mwenyewe amekuja, ametoka Nakivale. Mama Neema! Simama kidogo, watu wakuone."

Makofi yakalipuka. Vichwa vikageuka. Nabintu naye akageuka, akatazama nyuma, akatazama kulia, akimtafuta huyo mama. Akaanza kupiga makofi pamoja na wengine, kwa moyo, maana aliyepotelewa na mtoto yeye anamjua.

"Ni weye," Appolinaire alisema chini chini.

"Miye nini?"

"Banakuita weye. Simama."

Nabintu aliacha kupiga makofi. Viganja vyake vilibaki vimekutana. "Hapana," alisema. "Miye siko Mama Neema."

Hakusema kwa nguvu, lakini makofi yalikuwa yanapungua na neno likasikika. Mtu akacheka kidogo, akajinyamazisha. Ketty akawahi kwenye kipaza sauti. "Bambi, mama ana aibu," alisema. "Hajazoea watu. Sasa kuna soda na sambusa, halafu tutarudi kwa maswali."

*

Wakati soda zinagawiwa, Mackline alikuja mbio hadi kwenye benchi, akapiga magoti kama msichana wa Kinyankore anavyomsalimu mkubwa, akamkumbatia Nabintu kiunoni. "Mama, webare, asante kwa kuja. Nimefurahi sana. Samahani, nimewashitua." Akampa kitabu mkononi, kipya. "Hiki ni chenu. Msilipe." Kisha watu wakamvuta, wanataka awawekee sahihi, akaenda hatua chache, akaanza kuandika akiwa amesimama.

Nabintu alimpa Élyse kitabu. "Angalia. Ushindi iko fasi gani?"

Élyse alipekua. Alianza mwanzo, akaruka katikati, akaenda mwisho, kama wafanyavyo wanaotaka kujua habari inaishaje. Hapo alisimama. Alisoma ukurasa ule, akaurudia. Katika ukurasa ule Neema alishikwa na homa kando ya barabara, akafa asubuhi, na wanawake wakaazima majembe kwa wenyeji wakamzika, na mama akaimba. Jambo lote lilikuwa limeandikwa vizuri, hata jina la wimbo.

Sasa fikiria yaliyompitia binti yule. Alichokiomba baba yake kwa miaka, na wazee wa Mihigo walichokingoja juu ya chai, kilikuwa mapajani mwake, kimechapwa. Angemsomea mama yake sasa hivi, polepole, labda mama angelegea. Kitabu alichokiamini kuliko redio kimesema. Mihigo alikuwa ameshachonga kitanda, akakiegemeza ukutani, kinangoja.

"Banaandika nini?" mama aliuliza.

"Bamebadilisha jina," Élyse alisema. "Kila fasi, ni Neema."

"Ushindi haiko hata mara moja?"

"Haiko."

Nabintu hakulia. Alitazama tu chupa ya soda aliyowekewa miguuni, ambayo hakuna aliyeifungua.

"Na ile ulisoma mara mbili?" Appolinaire alisema. Yeye alikuwa anamwangalia bintiye, hakuwa anaangalia kitabu. "Macho yako ilirudia. Soma."

"Papa, tuache."

"Soma, Élyse."

Basi Élyse akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa maneno ya nyumbani, na sauti yake ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, hadi majembe, hadi udongo, hadi wimbo. Alipomaliza, alitarajia baba yake aseme, umeona, mama? Appolinaire alisimama. Soda ikapinduka, ikaviringika hadi chini ya rafu ya madaftari.

"Madamu!" aliita. Mtu wa maneno machache, sauti yake ilijaa duka zima. "Madamu Mackline! Nani alikupatia ruhusa ya kuzika mutoto wangu?"

Kalamu ya Mackline ilisimama juu ya karatasi. Watu wakageuka na sambusa zao. Ketty alianza kusogea, akasita.

"Baba," Mackline alisema, akija, "kaa, tuongee."

"Nitakaa namna gani? Uliona maiti? Weye ulishika jembe?"

"Baba, hii ni riwaya. Si ripoti. Nimechukua kidogo kwa mama, kidogo kwa wengine, nikachanganya. Jina nilibadilisha kwa kuwalinda. Kuna mama mmoja, zamani, niliandika jina lake gazetini. Watu waliomfukuza kwao wakamfuata mpaka huku. Nikaapa sitarudia."

"Bon. Jina nimesikia. Unatulinda, aksanti. Na kaburi? Kaburi inatulinda na nini?"

Mackline alitazama kitabu mikononi mwa Élyse kama kitu cha mtu mwingine.

"Sikujua nitamalizaje," alisema. "Niliandika amepotea tu, hajaonekana. Wachapishaji wakasema hapana, msomaji atabaki njiani. Wakasema lazima iishe."

"Hata kwetu haijaisha," Nabintu alisema.

Alikuwa bado amekaa. Akamvuta mumewe shati. "Baba Ushindi, kaa. Si ni weye ulikuwa unataka kilio?"

"Nilitaka." Kikohozi kilimkamata, akasubiri kipite. "Nilitaka juu ya uyu Élyse. Nilizania nikisema tumuzike nitakuwa mwanaume. Sasa nimesikia banamuzika, na udongo, na wimbo..." Aliupitisha mkono usoni. "Siwezi, Nabintu. Hata miye siwezi."

"Na miye hakuna mutu aliniuliza," Élyse alisema. Wote wawili wakamgeukia. "Munasema juu ya Élyse, juu ya Élyse. Miye sikuombaka kilio. Mihigo anajua kazi ya mbao, mbao haiozi kwa kungojea." Kisha akaona aibu, akakifunga kitabu.

Ketty alipiga kipaza sauti kwa kidole, tok tok. "Samahani, jamani. Muda wetu unaenda. Maswali, tafadhali, maswali mafupi tu. Hapana hotuba."

"Wacha mama aseme!" Ilikuwa sauti ya gwaride, kutoka mlangoni. Twinomujuni alikuwa ameingia ndani, kofia mkononi. "Mimi nasimama hapa tangu asubuhi nasikia watu nasema. Sasa mama aseme."

Mackline alikichukua kipaza sauti kwa Ketty, akakileta mwenyewe hadi kwenye benchi, waya ukikokota chini kati ya viti vyenye vitambaa. Akapiga magoti tena, safari hii hakutazama nani anamwona.

"Mama, mimi nilidhani unataka watu wajue mateso yenu," alisema. "Siku tatu nilikaa kwako, nikauliza kila kitu, hiki sikuuliza. Ulitaka nini?"

Nabintu akasimama. Alinyoosha ndege wake wa buluu, akashika kile chuma kwa mikono miwili kama mchi, karibu mno na mdomo, kikapiga kelele na watu wakaziba masikio. Mzee Musoni akamwonyesha kwa ishara, kisogeze kidogo. Akakisogeza. Kijana mmoja wa viti vya mbele akainua simu kumpiga picha za video, na mwingine, na mwingine.

"Nilitaka komunike," alisema. Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kusoma, ya polepole, ambayo kila mtu wa Kivu anaijua. "Komunike. Appolinaire Cishugi na bibi yake Nabintu, batu ba Kaziba, banatafuta mutoto wabo Ushindi. Alipotelea Goma, mu camion yenye mulango ya kijani. Alikuwa na miaka kumi. Leo ni mwanamuke. Mutu mwenye anamujua amwambie kwamba baba yake na mama yake bako bazima, bako Nakivale, zoni ya Base Camp, pamoja na mudogo wake Élyse."

Komunike huishia hapo. Ketty alinyoosha mkono kupokea kipaza sauti. Nabintu hakukiachia.

"Ushindi," alisema, na sasa hakuwa anasoma, "miye ni mama yako. Kama ulisikia fasi fulani banasema ulikufa, ni uongo ya kitabu. Hatujakuzika, mwanangu. Nilitaka ujue ile tu. Hatujakuzika."